Fundi, Waambie

Bariadi,
Jumatano, 11 Septemba 1996.

Kwa dada yangu mpendwa Milembe,

Mwangaluka, dada. Naamini barua hii itakufikia hapo Bukundi na kukukuta mzima, wewe na shemeji Masele na watoto wote. Dereva wa lori la mahindi aliniambia ndigana imepita kwenu na kuua ng'ombe wawili, mmoja akiwa yule dume mweupe ambaye shemeji alimpenda. Poleni sana. Je, yule mtoto wa mwisho ameshaanza kutembea? Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anasimama kwa kushika kinu, anaanguka, anasimama tena bila kulia. Mimi mwilini sina ugonjwa. Nakula, nalala kidogo. Kazi nimeisimamisha, na sababu utaiona humu.

Uliniuliza kupitia kwa shemeji kama ni kweli Bariadi wamemuua mwenye duka aliyekuwa anauza vyuma feki vya baiskeli, na kama siku hiyo nilikuwepo. Aliuawa kweli, dada, na nilikuwepo. Nakuomba uisome barua hii peke yako mpaka mwisho, ndipo umsomee shemeji, kama utaona inafaa.

Nianze na mwenye duka. Jina lake Tajudin, mtu wa Tabora, alihamia hapa na mke wake Rahma mara baada ya mambo ya ruksa, biashara huria, kuanza. Unakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Sisi mafundi tulikuwa tunaishi kwa baiskeli zilizokufa. Cheni ikirefuka tunaipunguza pingili, meno yakiisha tunayageuza upande wa pili ili yaume tena, na mteja anaondoka anashukuru kana kwamba tumemfufulia ndugu. Tajudin ndiye aliyeanza kuleta vyuma vipya kutoka Mwanza, vimefungwa kwenye karatasi nzito yenye grisi. Baiskeli, majembe, mapanga, taa za chemli, kila kitu. Mzigo ukifika alikuwa ananiita kwanza niukague. Nikimwambia kitu fulani chuma chake laini, alikuwa anakirudisha Mwanza. Hakuwahi kuniita Mboje. Aliniita fundi, miaka yote.

Mwaka huu kampuni moja mpya inayonunua pamba iliandaa mashindano ya baiskeli, kutoka hapa Bariadi mjini hadi Dutwa na kurudi, ili wakulima waipende. Zawadi ya kwanza ilikuwa dume la ng'ombe na redio kaseti. Mji mzima ulichangamka. Miongoni mwa wenye baiskeli za kweli za mbio, zile nyepesi zenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, alikuwepo mtu anaitwa Salu. Ni mtu wa miaka kama arobaini, mrefu, hana shamba wala ng'ombe wa kueleweka, na kilabuni hakosi. Wiki moja kabla ya mashindano aliniletea baiskeli yake nimbadilishie vyuma vyote vinavyovuta gurudumu: cheni, meno ya mbele yanayozungushwa na pedeli, na friwili, yaani yale meno ya nyuma ambayo cheni inayakamata ili gurudumu lizunguke. Vyote vitatu alivinunua vipya kwa Tajudin, mbele yangu. Nikaifanya kazi.

Lakini siku mbili kabla ya mashindano Salu alipigana kilabuni akavunjwa kidole gumba, hakuweza kushika usukani. Baiskeli akampa Maganga aiendeshe, wakakubaliana kwamba wakishinda, dume litakuwa la Salu na redio itakuwa ya Maganga. Maganga unamjua, dada. Ni yule muuza maji aliyenipokea nilipokuja mjini sina pa kulala. Nililala kwake miezi mitano, na mke wake Elina hakunihesabia hata sahani moja. Kwa kusukuma madumu sita ya maji kila siku miaka kumi, miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mtu yeyote mjini. Siku zote alitamani kupanda baiskeli nyepesi.

Jumamosi ile, tarehe ishirini na nne Agosti, waliondoka asubuhi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye mwinuko ule wa mwisho wa kuingia mjini, baada ya daraja, mahali ambapo washindani hulazimika kusimama juu ya pedeli. Karibu saa sita wakatokea. Maganga alikuwa wa pili, ana namba kumi na nne mgongoni, na aliyemtangulia alikuwa ameshachoka. Nyuma yao lilikuwa linakuja lori la marobota ya pamba, dereva anapiga honi, anapanda taratibu ubavuni mwao. Maganga akanyanyuka kwenye siti na kuweka uzito wake wote kwenye mguu wa kulia. Cheni ikaruka. Nilisikia mlio wake, kama mfupa. Mguu wake ukashuka kwenye hewa, kifua kikagonga usukani, akaanguka upande wa barabara, na magurudumu ya nyuma ya lori yakapita juu ya paja lake.

Sikuwahi kujua mtu mzima anaweza kulia kwa sauti ile. Alikuwa anajaribu kukaa ili autazame mguu wake, na watu wanamlaza, naye anainuka tena. Mfupa ulikuwa umetoka nje na una vumbi la barabara. Tulimfunga kwa kanga ya mama mmoja tukampakia kwenye lori lile lile, juu ya pamba. Huko hospitali walimkata mguu juu ya goti siku hiyo hiyo. Yu hai.

Salu alifika akikimbia. Hakumwangalia Maganga. Aliinua baiskeli yake, akaipindua, akazungusha pedeli kwa mkono, huku mtu mwingine amekaza gurudumu la nyuma kwa kiganja, ili watu waone cheni inavyoruka. Akasema kwa sauti kubwa kwamba vyuma hivi amevinunua wiki iliyopita kwa Tajudin, na tazameni.  Halikuhitajika neno jingine. Wiki hiyo hiyo watu walikuwa wamegundua mizani ya mnunuzi mmoja wa pamba imechezewa, na hasira hiyo haikuwa imepata pa kwenda. Mtu mmoja akasema wafanyabiashara wanatuua. Wa pili akarudia. Wakaanza kutembea kuelekea sokoni, na walipofika sokoni walikuwa wanakimbia. Mimi nilikuwa katikati yao.

Tajudin alikuwa anakula, akatoka nje na mkono wenye ugali. Alidhani pana moto mahali. Alipoelewa, aliingia ndani akatoka na kasha zima la cheni na friwili, akaliweka chini, akaanza kufungua karatasi moja moja awaonyeshe. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Akaendelea kufungua karatasi huku damu inadondokea grisi. Halafu aliniona. Alinyoosha mkono kwangu, akasema jina aliloniita siku zote, akaniomba niwaambie. Hapo nitaparuka kwa sasa, dada, nitaparudia.

Mawe yakawa mengi. Alipiga magoti, akajaribu kurudi dukani kwa magoti, na Salu akamfuata mlangoni. Pale mlangoni mapanga ya kuuza yalikuwa yamening'inizwa, mapya, bado yana mafuta ya kiwandani. Salu akachomoa moja kwa mkono wenye kidole kizima. Tajudin aliinua mkono wake kujikinga. Panga likapita kwenye mkono, likarudi juu, likashuka shingoni. Alipiga mara tatu tu, bila haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo mpaka ameizoea. Rahma alivutwa na akina mama wauza mchele, wakampitisha uani. Kisha wakachoma duka. Polisi walipofika, Salu alikuwa bado amesimama barabarani na panga mkononi, anapumua. Walimchukua yeye na wengine sita. Wote wako mahabusu mpaka leo.

Hiyo ndiyo habari mliyoisikia huko, na watu wengi hapa wanaijua mpaka hapo tu. Sasa nikupeleke nyuma, kwa mayu.

Wewe ulifika nyumbani Mkula siku ya pili, ukamkuta mama yetu ameshafunikwa. Hukuniuliza niliona nini, na mimi nilishukuru kwamba hukuuliza. Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na tatu, saa tisa mchana, nimetoka Bariadi kuja kumsaidia kuchuma pamba. Mayu alibaki kwenye mistari ya karibu na ua wa minyaa, mimi nikapeleka gunia nyumbani. Nikiwa narudi, nikasikia baiskeli inatoka kwa kasi kupitia njia ya ng'ombe. Unajua masikio yangu yalivyo kwa baiskeli. Hii ilikuwa na kasoro. Mguu unashuka vizuri, unashuka vizuri, halafu kra, cheni inaruka, halafu inaanza upya, kila mzunguko mahali pale pale. Nikasema moyoni, hiyo imevunjika meno mawili ya mbele, yaliyofuatana. Niliujua ugonjwa wa baiskeli kabla sijajua kwa nini inakimbia. Mwendeshaji nilimwona mgongo tu, shati la kijani, na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia begani.

Nilimkuta mayu amekaa. Hakuwa amelala, dada, alikuwa amekaa kati ya pamba kama mtu anayepumzika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu, kwa sababu aliuinua kujikinga. Damu ya shingoni ilikuwa inatoka kwa kuruka. Pamba aliyoichuma ilikuwa bado kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni, nayo ilikuwa inanyonya damu ile, inazidi kuwa nzito mapajani mwake, na yeye alikuwa anajaribu kuitoa kwa mkono uliobaki ili isiharibike. Aliniambia, "Usimfuate, Mboje. Atakukata na wewe." Nikamshika. Alichukua muda mrefu kuliko unavyofikiri.

Sababu unaijua. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, mganga akasema amelogwa, na aliyemla ana macho mekundu. Mayu alikuwa na macho mekundu kwa sababu alipikia mavi ya ng'ombe miaka ishirini, kuni zilipokwisha Mkula. Polisi walikuja, sungusungu wakapiga filimbi na kuzunguka siku tatu, hakuna aliyekamatwa. Mimi nikarudi Bariadi, na kwa miaka mitatu kila baiskeli iliyopita mbele ya kibanda changu niliisikiliza.

Siku Salu alipokuja na ile baiskeli ya mbio, ambayo haikuwahi kupita mbele ya kibanda changu, nilikuwa nimeinama naziba pancha. Niliisikia kabla sijaiona. Inashuka vizuri, inashuka vizuri, kra. Nikaweka spana chini. Nikaitazama: meno mawili ya mbele hayapo, yaliyofuatana. Nikamuuliza, kama fundi anavyouliza mteja yeyote, yamevunjika tangu lini. Akasema tangu tisini na mbili, na kwamba vyuma vya baiskeli za namna hii havikuwa vinapatikana mpaka juzi juzi. Alikuwa amekunywa. Alikaa kwenye benchi langu akawasha sigara, akanieleza kwamba baiskeli hiyo imemlisha vizuri, imefika Maswa, imefika Meatu, imefika mpaka mashamba ya pamba ya Mkula. Halafu akasema, "Wapo vikongwe walioisikia cheni hii, na hawakusikia kitu kingine tena." Alitabasamu kidogo. Hakujua mimi ni mtoto wa nani. Hapa mjini mimi ni fundi tu, hakuna anayeuliza fundi ametoka wapi.

Nilimwambia aache baiskeli, arudi keshokutwa. Jioni ile nilikwenda polisi. Askari aliyenisikiliza hakuwa mtu mbaya, alinipa maji. Aliniuliza kama niliuona uso wake Mkula. Sikuuona. Akauliza nani mwingine alisikia maneno yake kibandani. Hakuna. Akasema atakapoitwa atakana, na mlio wa cheni hauwezi kusimama kizimbani. Nimletee shahidi, au nimletee panga. Kwa sungusungu sikwenda, maana kamanda wao wa upande ule nilimwona mara nyingi kilabuni na Salu, wanakunywa chungu kimoja.

Sasa nimefika mahali ninapopaogopa. Naomba uvumilie.

Cheni ya baiskeli ikitumika sana inarefuka, na jinsi inavyorefuka inayala meno ya friwili mpaka yanalingana nayo. Vinazeeka pamoja, vinaelewana. Ukifunga cheni mpya juu ya friwili ya zamani, havielewani tena. Ukiendesha polepole umekaa, huoni kitu. Lakini ukisimama ukaweka uzito wako wote, cheni inapanda juu ya meno na kuruka, mguu unakosa pa kukanyaga, na mwili unaufuata mguu. Kila fundi anajua, ndiyo maana tunabadilisha vyote kwa pamoja. Mimi nilifunga cheni mpya na meno mapya ya mbele. Friwili mpya ya Tajudin niliirudisha kwenye karatasi yake nikaiweka chini kabisa ya sanduku la vifaa. Ile ya zamani, ambayo meno yake yalikuwa yamebaki ncha tu, niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa kama mpya, nikaipaka grisi. Salu alikuja, akaijaribu barabarani amekaa, akanisifu.

Nilitaka afe, dada. Sitaki uniandikie kwamba nilitaka kumtisha. Nilijua mwinuko ule, nilijua malori ya pamba yanapita hapo siku nzima, na nilichagua mahali pa kukaa ili nione vizuri.

Asubuhi ya mashindano nilikwenda pale wanapoanzia, nikamwona Maganga juu ya baiskeli ile. Alikuwa anacheka, Elina amesimama pembeni ameshika shati lake. Aliniita, akaniambia fundi umeifanya nyepesi kama karatasi. Dada, nilikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia ashuke. Salu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu na kidole chake kilichofungwa, na ningesema, angetaka kujua kwa nini. Nikamwambia Maganga, "Usisimame kwenye pedeli. Endesha umekaa, utatunza nguvu." Akasema sawa. Filimbi ikapigwa. Kwa saa mbili na zaidi nilikaa pale kwenye mwinuko nikijipa moyo kwamba Maganga si mtu wa mashindano, kwamba atakaa kwenye siti kama anavyokaa kwenye baiskeli ya maji, kwamba atakuwa wa mwisho na hakuna atakayemsukuma. Alipotokea kwenye daraja wa pili, aliniona. Aliinua kidole kimoja kunisalimia. Ningeweza kuingia barabarani. Nilisimama. Nilifungua mdomo. Halafu akanyanyuka kwenye siti.

Sasa lile nililoliruka. Tajudin aliponyoosha mkono pale mbele ya duka, alisema, "Fundi, waambie. Wewe umeviona. Fundi, waambie." Watu wote wakanigeukia. Dada, nakuapia, hata mawe yalisimama. Walikuwa tayari kunisikiliza. Mmoja akauliza, haya, fundi, ni feki au si feki? Na mimi nikaona kwamba nikisema si feki, swali la pili litakuwa, basi nani amefanya hivi? Nilikuwa nimeshika jiwe. Sijui nililiokota wapi, wakati wa kukimbia kila mtu alikuwa ameshika. Nililitupa. Lilimpata hapa, kati ya jicho na sikio, naye alikuwa bado ananitazama anangoja nijibu. Ndipo mawe yakawa mengi. Mimi ndiye niliyewajibu, kwa jiwe lile.

Nikaondoka nikarudi nyuma ya umati, na yale ya Salu mlangoni niliyaona kutoka mbali. Niliuona mkono wake ukipanda na kushuka, nikajua mayu alivyouona.

Baadaye watu walinipongeza kwamba angalau Salu amekamatwa. Wako hata waliojua habari zake za kulipwa kuua vikongwe, wakaanza kuzisema sasa kwa kuwa yuko ndani. Na mimi kwa siku kumi nilijiambia kwamba mambo yamekaa vizuri, kwamba aliyemuua mayu atanyongwa kwa sababu ya panga ambalo mji mzima uliliona, na mimi nikae kimya. Lakini kila asubuhi nikifungua kibanda nasikia watu wanaopita wakisema yule Tajudin alikuwa muuaji, alipata alichostahili. Duka limebaki ukuta mweusi, na mtu ameandika kwa mkaa neno FEKI.

Jumatano iliyopita nikaitoa ile friwili chini ya sanduku, nikaenda kwenye nyumba ambako Rahma anakaa eda, kwa mdogo wake Tajudin anayeitwa Sadick. Rahma alinisikiliza akiwa nyuma ya pazia. Nilieleza yote, kama nilivyokueleza wewe, nikaiweka friwili kwenye mkeka pamoja na karatasi yake. Sadick alisimama, nikadhani atanipiga, na nilitaka anipige. Rahma akamwambia akae. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa mume wake aliniita mara ngapi. Nikasema mara mbili.

"Mara tatu," akasema. "Ya tatu ulikuwa umeshamgeuzia mgongo."

 Kisha akasema mimi nimekuja mahali pasipofaa, kwa sababu yeye tangu mwanzo alijua vyuma vya mume wake ni vizima. Akasema niende nikawaambie wale waliokuwa na mawe.

Jumatatu nilikwenda hospitali kwanza. Maganga alinisikiliza huku anatazama dari, halafu akageukia ukuta.  Elina alichukua uji niliokuwa nimeleta akampa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Kutoka hapo nikaenda sokoni, nikasimama mbele ya ule ukuta mweusi watu wakiwa wengi, nikaiinua friwili mpya nikaeleza. Wengine walisema nimepewa hela na Waislamu. Mzee mmoja alinitemea mate. Kijana mmoja niliyemwona siku ile akitupa mawe alinipiga ngumi ya mbavu mara mbili, akaanza kulia, akaondoka. Mwingine aliokota tofali. Sadick, ambaye sikujua kama amenifuata, akaja kusimama kando yangu, akasema pale hapatapigwa mtu tena. Yule akaliweka tofali chini.  Wengi walitawanyika mmoja mmoja, kila mtu anaangalia miguu yake.

Jana nikatoa maelezo polisi. Ni askari yule yule aliyenipa maji. Aliandika kurasa sita. Alipofika kwenye habari za Mkula aliniuliza jina kamili la mayu, akaliandika, Kwandu, herufi moja moja, na akaniambia mmoja wa wale sita ameanza kueleza safari alizofanya na Salu, kwa hiyo jalada la mama litafunguliwa upya. Akaniambia pia nijiandae, nirudi leo saa nne na nguo za kubadilisha, maana sitatoka. Nimeandika barua hii tangu alfajiri, na sasa jua limeshapanda.

Vifaa vyangu vyote nimevipeleka nyumbani kwa Elina. Kazi ya fundi inafanywa kwa kukaa, na mikono ya Maganga ni mizima. Akivikataa, wewe usije kuvichukua, mwache avitupe. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya wakili. Mwambie shemeji nimesema hivyo, naye asione kama namdharau. Na kama moyo wako umefurahi uliposoma kwamba Salu yuko ndani, sitakulaumu, maana hata mimi nilifurahi. Ila kumbuka furaha ile imelipiwa na mtu mwingine.

Nina ombi moja tu. Habari imefika huko kwenu kwamba aliyeuawa Bariadi alikuwa anauza feki. Mkiwa kisimani, mtu akisema hivyo, usinyamaze. Mwambie mali yake ilikuwa nzima, na kwamba unajua, kwa sababu fundi alikuwa mdogo wako.

Wasalimie watoto wote kwa majina yao, na yule wa mwisho umwinue juu kwa niaba yangu. Shemeji Masele mpe heshima zangu. Nawaombea mvua za vuli ziwahi, na ugonjwa wa ng'ombe uishie hapo ulipofika.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Mboje